Benki ipi ufungue ukifika Ujerumani: mpangilio wangu

Kila mwaka, wale wa Ausbildung wanapoanza kupakia mabegi, simu yangu haitulii. Ausbildung ni yale mafunzo ya kazi yanayolipwa, ya uuguzi, ya hoteli, ya ufundi. Swali ni lile lile: "Kaka, nifungue akaunti benki gani?" Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji na ajira Septemba 2024, na tangu hapo wanaouliza wameongezeka, Watanzania kwa Wakenya.

Zamani nilijibu bila kufikiri: tafuta isiyokata ada. Siku hizi sijibu hivyo. Ada ya mwezi haijawahi kuniumiza kama nilivyoumia siku simu yangu ilipotumbukia kwenye ndoo ya kudekia. Programu ya kuidhinisha malipo ilikuwa ndani ya simu hiyo hiyo. Benki niliyokuwa nayo wakati huo, sitaitaja, haikuwa na tawi hata moja. Mhudumu wa simu alikuwa mpole sana, lakini alichoweza kunisaidia ni kuniambia ningoje barua yenye namba mpya. Barua ilikuja siku ya 9. Siku zote hizo mshahara wangu ulilala salama, na mimi nakopa hela ya mkate kwa mfanyakazi mwenzangu.

Kwa hiyo mpangilio huu una kipimo kimoja kikubwa: mambo yakiharibika, nani atakufungulia mlango? Ada naiweka nyuma.

Kabla ya benki, jina kwenye sanduku la barua

Utatakiwa kuwa na pasipoti, viza au kibali cha ukaazi, na mara nyingi ile karatasi ya kuthibitisha anwani yako, Meldebescheinigung. Karatasi hiyo unaipata ofisi ya wakazi, na sheria inataka ujiandikishe ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia. Benki itataka pia namba yako ya kodi yenye tarakimu 11. Hiyo huja yenyewe kwa posta baada ya kujiandikisha, na kwa kawaida unaweza kuipeleka baadaye.

Jambo ambalo hakuna anayekwambia ni hili: kadi huja kwa barua, namba ya siri huja kwa barua nyingine, na mpeleka barua wa Ujerumani anasoma jina lililobandikwa kwenye sanduku. Jina lako lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka. Nimeona watu wakilaumu benki mwezi mzima, kumbe ni kipande cha karatasi na gundi tu. Kama umepanga chumba kwa mtu, omba siku ya kwanza jina lako liongezwe.

Jina lenyewe liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi tuna majina matatu, na mara nyingine cheti cha shule kinasema hivi, pasipoti inasema vile. Tangu Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia euro zinalinganisha jina la mpokeaji na namba ya akaunti kabla ya hela kutumwa. Mwajiri akikuandika kwa jina la babu wakati benki inakujua kwa jina la baba, anaweza kuonyeshwa onyo kwamba havifanani.

Wanafunzi, msichanganye mambo mawili. Sperrkonto, ile akaunti ya kuzuia fedha mnayoifungua kwa ajili ya viza (euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi, kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024), si akaunti ya matumizi. Hiyo inakugawia tu posho ya kila mwezi. Bado unahitaji Girokonto, akaunti ya kawaida, ambako posho itaingia.

1. Sparkasse ya mji wako

Kwa mgeni mpya, hii ndiyo ya kwanza, na sioni ya kushindana nayo. Sparkasse ni benki za akiba za umma, kila moja imefungamana na mji au wilaya yake. Ukiona Berliner Sparkasse na Sparkasse Leipzig, hizo ni taasisi mbili tofauti zenye alama moja nyekundu. Maana yake ni kwamba bei zinatofautiana mji kwa mji, na anayekusimulia ada za Köln hakusaidii kama unaishi Dresden.

Faida yake kubwa ni dirisha. Unaweka miadi, unakaa mbele ya mtu, unamwonyesha pasipoti yako ya Afrika Mashariki ambayo pengine ni ya kwanza kuishika, naye anaigeuza geuza, anampigia mwenzake, mwisho anaandika. Kijerumani chako kikiwa bado kinachechemea, nenda na mtu anayekijua. Simu ikipotea au kadi ikimezwa, unarudi pale pale na pasipoti. Mashine zao za kutolea pesa ziko kila kona, na hilo lina maana katika nchi ambayo bado kuna migahawa na maduka ya mikate yanayokataa kadi.

Kingine ni girocard. Hiyo ni kadi ya Kijerumani, na zipo ofisi za serikali na maduka madogo yasiyopokea nyingine, hata kadi yako ya Visa ing'ae vipi. Sparkasse wanakupa moja kwa moja pamoja na akaunti.

Ubaya ni ada. Mfanyakazi wa kawaida atalipa kila mwezi, na baadhi yao wanatoza hata muamala mmoja mmoja kwenye akaunti za bei ya chini, kwa hiyo soma jedwali la bei kabla ya kuweka saini. Wanafunzi na walio kwenye Ausbildung mara nyingi husamehewa. Uliza, usisubiri kuambiwa.

Na kuna kitu cha kisheria ninachokipenda: kwa kuwa ni taasisi ya umma, Sparkasse haiwezi kukufungia akaunti bila sababu ya msingi. Benki binafsi inaweza kusitisha mkataba kwa taarifa ya miezi miwili, bila kukueleza kwa nini.

2. ING au DKB, ukishakaa nusu mwaka

Hizi ni benki kamili zenye leseni ya Ujerumani, ila hazina matawi. Ada huondoka kama mshahara unaingia kila mwezi kwa kiwango wanachotaka, na vijana wasiofika miaka 28 hupewa unafuu. Programu zao za simu ni nzuri, na ukiwa na kadi yao ya Visa unatoa pesa karibu mashine yoyote, ingawa wanataka utoe angalau euro 50 kwa mara moja. Girocard kwao ni ya kuongezea kwa malipo.

Kwa nini zisiwe za kwanza? Kwa sababu zinakuangalia kupitia Schufa, kampuni ya Wiesbaden inayotunza kumbukumbu za ulipaji wa madeni ya watu, na wewe uliyefika juzi huna kumbukumbu yoyote. Huna deni, huna doa, na hilo lenyewe linaweza kukukwamisha. Kaa miezi kadhaa, lipa kodi ya nyumba, lipa simu, kisha omba.

Uthibitisho wa utambulisho hufanyika kwa video au kwenye dirisha la posta. Video haikubali pasipoti za nchi zote. Ikikukataa usikate tamaa. Chagua njia ya posta, chapisha fomu, nenda na pasipoti mkononi.

3. Volksbank, binamu wa SACCOS

Aliyekulia kwenye SACCOS atajisikia nyumbani hapa. Volksbank na Raiffeisenbank ni benki za ushirika. Unaweza kununua hisa, ukawa mwanachama, ukapata gawio, na mwanachama mwenye hisa moja ana kura sawa na mwenye kumi. Si ajabu zifanane na zetu: ushirika wa mikopo wa aina hii ulianzia kwa Wajerumani karne ya 19, na Friedrich Wilhelm Raiffeisen ambaye benki hizo zina jina lake ni mmoja wa waasisi.

Ukiwa kijijini au mji mdogo, ziweke sawa na Sparkasse, au hata juu yake kama ndizo zenye tawi karibu. Mjini mashine zake ni chache zaidi. Ndiyo maana ziko ya tatu.

4. N26 na benki za ndani ya simu

Najua hapa vijana watanirushia mawe. N26 ya Berlin, iliyoanzishwa 2013, inafunguka haraka, inaongea Kiingereza, na akaunti ya msingi haina ada. Kama akaunti ya pili, sina neno. Kama ndiyo pekee uliyonayo, kumbuka ile ndoo ya kudekia.

Mamlaka ya usimamizi wa fedha ya Ujerumani, BaFin, iliiwekea benki hii kikomo cha wateja wapya mwaka 2021 kwa sababu ya udhaifu katika kuzuia utakatishaji fedha, na kikomo kikaondolewa 2024. Benki iliyopitia hapo, kwa maoni yangu, haiwezi kukufumbia macho ukiwa na miamala isiyoeleweka, na ukihojiwa utahojiwa kwa maandishi ndani ya programu, si na mtu.

5. Majina makubwa

Deutsche Bank, Commerzbank, HypoVereinsbank, Postbank. Zinatumia mashine za kutolea pesa kwa pamoja, hilo ni zuri. Ila kwa mwenye mshahara wa Ausbildung sioni wanachokupa ambacho Sparkasse haina. Na ukubwa si dawa: mwaka 2023 Postbank ilipohamisha mifumo yake, wateja wengi walikwama nje ya akaunti zao, mpaka BaFin ikaweka msimamizi maalumu.

Wise na Revolut je?

Hizi ni programu za simu za kutunza na kutuma hela. Uwe nazo, lakini mshahara usiingie huko kwanza. Namba ya akaunti ya Wise huanza na BE, ya Ubelgiji, si DE. Kwa sheria ya Ulaya mwajiri au kampuni ya simu haina ruhusa ya kukataa akaunti ya euro kwa sababu ni ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya. Kwa uhalisia utakutana na fomu ya mtandaoni inayokataa kila kisichoanza na DE, na kubishana na fomu ni kupigana na ukuta.

Kutuma hela nyumbani ndiyo kazi yake. Kutuma kwa benki hadi benki kunapita mikono kadhaa, na kila mkono unaweza kumega kipande. Wise, Remitly au WorldRemit hufika moja kwa moja kwenye M-Pesa ya mama. Usilinganishe ada, linganisha shilingi atakazopokea. "Bila makato" mara nyingi ina maana wamekula kwenye kiwango cha kubadilishia.

Ukishaifungua

Zoea neno Lastschrift. Ni ruhusa unayompa mtu kuvuta hela kwenye akaunti yako: kampuni ya umeme, gym, tiketi ya treni. Inatutisha sisi tuliozoea kutuma wenyewe, lakini ina kinga kubwa: ndani ya wiki 8 unaweza kuirudisha hela bila kueleza sababu. Hatari ni kukuta akaunti tupu siku ya kuvutwa. Malipo yanadunda, faini inakuja, na deni linaweza kuishia Schufa. Dispo, ule mkopo wa kuingia hasi, usiufanye mazoea. Riba yake kwenye benki nyingi inapita asilimia 10 kwa mwaka.

Sasa hili la upatu, maana tunalo kila mji. Watu 12, kila mmoja euro 200, zote zinaingia kwenye akaunti ya mwekahazina na siku ya pili zinatoka kwenda kwa mtu mmoja. Wewe unaona mchezo. Kompyuta ya benki inaona majina 12 ya kigeni na hela isiyolala. Kila mtu aandike sababu ya malipo kwa Kijerumani kinachoeleweka, mwekahazina atunze orodha, na mpokeaji wa zamu atumiwe moja kwa moja na wenzake bila hela kupita katikati. Fedha taslimu zaidi ya euro 10,000 benki itakudai ushahidi wa zilikotoka. Na mshahara wa rafiki asiye na karatasi usipite kwenye akaunti yako, hata akulilie. Ikigeuka kesi ya utakatishaji fedha, jina lililo kwenye akaunti ni lako.

Ukikataliwa kila mahali, usiondoke kichwa chini. Tangu Juni 2016 sheria inampa kila anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya haki ya Basiskonto, akaunti ya msingi, wakiwemo wakimbizi na wasio na anwani ya kudumu. Chukua fomu ya Basiskonto, taja neno hilo hilo, na benki ina siku 10 za kazi za kukujibu. Ikikataa au ikinyamaza, malalamiko yanapelekwa BaFin.

Mwisho, chukua kalamu. Namba ya kuzuia kadi Ujerumani ni 116 116, saa zote, na ukiwa likizo nyumbani unatanguliza +49. Iandike kwenye karatasi, ubandike ndani ya kabati, pamoja na namba ya akaunti yako. Isiwe kwenye simu.