Kamera ndogo ya mirolesi umeshaipata: ongeza nini kwanza, nini baadaye

Kamera za mirolesi, zile zisizo na kioo cha ndani, mara nyingi huuzwa na lenzi moja ndogo, betri moja na mkanda. Kuanzia hapo muuzaji atakuonyesha lenzi ndefu ya kuvuta, filta za rangi, gimbo (mkono wa kutuliza kamera unapopiga video ukitembea) na begi kubwa, vyote vikiwa vimepangwa vizuri kwenye kabati la kioo. Tumepanga vifaa hivyo kwa kufuata swali moja: kikikosekana hiki, kazi inasimama au inaendelea? Mifano yetu ni Sony a6400, Sony ZV-E10 na Canon EOS R50, lakini mpangilio unafaa kamera yoyote ya ukubwa huo.

Nafasi ya kwanza: betri na memori kadi

Sony a6400 na ZV-E10 ya kwanza zinatumia betri ya NP-FW50, yenye mAh 1020. Kwa kipimo cha kiwanda a6400 hupiga takriban picha 410 kwa chaji moja ukitumia skrini, na 360 ukichungulia kwenye kitundu. Ukichanganya video, Wi-Fi na kurudia kutazama picha, hesabu hiyo inashuka haraka. Kwa harusi ya kutwa nzima, betri tatu ni kiwango cha chini. Mwenye a6600, a6700 au ZV-E10 II ana nafuu kubwa: betri yake ni NP-FZ100 ya mAh 2280, na moja ya ziada inamtosha.

Betri za kampuni nyingine si mbaya zote. Epuka tu ile iliyoandikwa mAh 2000 kwenye umbo la NP-FW50. Kama mtengenezaji wa kamera ameweka 1020 ndani ya boksi dogo vile, namba iliyo karibu maradufu ni ya kuvutia mnunuzi. Kwa Canon R50, yenye betri ya LP-E17, kuna tatizo jingine: betri ya asili ina chipu inayozungumza na kamera. Nyingi za kuiga hazionyeshi kiasi cha chaji kilichobaki, na baadhi hugoma kuchajiwa kwenye chaja ya Canon, kwa hiyo nunua betri pamoja na chaja yake. Betri iliyovimba hata kidogo usiisukume ndani. Ikikwama humo, fundi atalazimika kuufungua mwili wa kamera.

Sony a6400 huchajiwa kwa waya ikiwa na betri ndani, na boksi halina chaja ya pembeni. Maana yake ukichaji, huwezi kutoka na kamera. Chaja ya nje yenye nafasi mbili ni kifaa cha bei ndogo kinacholipa kuliko vingi.

Kwenye memori kadi watu hupoteza hela kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua kasi isiyotumika. a6400, ZV-E10 na R50 zote zina tundu la UHS-I, ambalo kikomo chake ni megabaiti 104 kwa sekunde. Kadi ya UHS-II, yenye safu mbili za meno mgongoni, itafanya kazi humo kwa kasi ya UHS-I tu. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 tu kila sekunde, kwa hiyo kadi yenye alama ya V30, inayoahidi kuandika megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka, inatosha na kubakiza. Namba kubwa ya 170 au 200 iliyochapwa mbele ni kasi ya kusoma kwa kisomeo maalumu. Usiilipie.

Njia ya pili ni kadi feki. Kadi ya gigabaiti 128 ya bei ya kutupa inaweza kuwa na gigabaiti 16 tu ndani. Itaonyesha 128 kwenye kompyuta, itapokea picha zako, kisha kila kilichozidi kitakuwa faili zisizofunguka. Kabla ya kuipeleka kazini, ijaribu kwa programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux. Programu hizi huijaza kadi yote halafu husoma kilichoandikwa. Inaweza kuchukua nusu saa au zaidi, na ndiyo njia ya uhakika. Omba muuzaji akuandikie kwenye risiti kwamba utairudisha ikishindwa. Atakayekataa, nenda duka la pili.

Chukua mbili za gigabaiti 64 badala ya moja ya 128, kwa sababu kamera hizi zina tundu moja, na kadi ikifa inakufa na vyote vilivyomo. Gigabaiti 64 hubeba takriban dakika 85 za ile 4K. Kadi ndogo ya simu iliyovishwa adapta iache kwenye simu: meno ya adapta hulegea na kamera huanza kulalamika katikati ya hotuba. Fomati ndani ya kamera yenyewe.

Nafasi ya pili: boksi la kuzuia fangasi

Mwongozo ulioandikwa kwa watu wa Ulaya hauweki kifaa hiki karibu na juu. Kwa anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar tunakiweka mbele ya lenzi mpya, kwa sababu bila hicho hiyo lenzi mpya nayo itaoza. Fangasi wa lenzi hustawi unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 hivi, na Pwani unyevu huo ni wa kawaida. Huota kama nyuzi za buibui kati ya vioo na kuila rangi ya kinga. Kusafisha kunataka lenzi ifunguliwe, na kwa lenzi ndogo gharama ya fundi hukaribia bei ya lenzi yenyewe. Mahali pabaya kuliko pote ni begi lililofungwa ndani ya kabati la nguo.

Kabati la umeme la kukausha hewa ni zuri, ila si lazima. Nunua chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula chenye mpira kwenye kifuniko, cha lita 10 hivi, gramu 200 hadi 300 za silika jeli, na kipima unyevu kidogo cha kidijitali. Lenga asilimia 40 hadi 50. Usishuke chini ya 30 kwa miezi, maana ukavu uliozidi huathiri mpira na grisi ya ndani. Chagua silika ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba. Ile ya buluu inayogeuka waridi ina kobalti, na hiyo usiikaushe kwenye oveni ya kupikia. Ya chungwa irudishie nguvu kwa saa mbili kwenye joto la nyuzi 110 hadi 120. Mchele usiweke kabisa: haukaushi kiasi cha kutosha na unaacha vumbi la wanga.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kuingia joto la nje, acha kamera ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30. Ukiitoa mara moja, mvuke utaganda kwenye kioo, na ukibadilisha lenzi wakati huo utaganda hadi kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha.

Wa Dodoma, Arusha au Nairobi, adui wako mkuu ni vumbi. Unahitaji mpira wa kupulizia, ule wa kubonyeza kwa mkono. Kwa mdomo utarusha mate, na makopo ya hewa hurusha kimiminika baridi kwenye sensa. Badilisha lenzi kamera ikiwa imezimwa na mdomo wake ukitazama chini.

Nafasi ya tatu: lenzi moja isiyovuta, yenye uwazi mkubwa

Huu ndio ununuzi utakaobadilisha picha zako. Lenzi iliyokuja na Sony, ile ya milimita 16-50, hufika f/5.6 ukiivuta mpaka mwisho (namba ya f ni ya uwazi wa lenzi: ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa). Lenzi ya f/1.4 hupokea mwanga mara 16 zaidi. Ukumbi uliokulazimisha kutumia ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 6400 na picha zikajaa chenga, sasa unapigwa kwa ISO 400.

Kwa Sony chaguo letu la kwanza ni Sigma 30mm f/1.4 DC DN. Ina gramu 265, filta yake ni milimita 52, na ilipotoka mwaka 2016 iliuzwa takriban dola 340 za Marekani. Umbali ni mzuri kwa nyumba zetu: mtu mzima aliyesimama anaingia ukiwa mita mbili na nusu kutoka kwake, kamera ikiwa wima. Kasoro yake ni kutokuwa na kituliza mtikisiko, na mwili wa a6400 au ZV-E10 nao hauna. Kwa picha si shida. Anayepiga zaidi video ya mkononi achukue Sony E 35mm f/1.8 OSS, ambayo inacho.

Kwa Canon R50, RF 50mm f/1.8 STM ndiyo rahisi kuliko zote, takriban dola 200 ilipotoka mwaka 2020, gramu 160. Nyuso hutoka vizuri sana. Lakini kwenye sensa ndogo ya R50 hubana: mtu huyohuyo wa kusimama wima anataka umbali wa mita nne na nusu, na sebule nyingi hazina nafasi hiyo. Kama kazi yako ni ya ndani, subiri uongeze hela upate Sigma 30mm ya mlango wa RF (sehemu ya R50 inapofungwa lenzi), iliyoanza kutengenezwa baada ya mwaka 2024 Sigma kuanza kutoa lenzi za sensa ndogo kwa mlango huo.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi wanaonunua mtumba. Lenzi za EF-M, za Canon M50 na ndugu zake, haziingii kwenye R50, wala adapta ya kuziunganisha haipo. Za EF, za kamera kubwa za zamani, huingia kwa adapta ya EF-EOS R na kulenga zenyewe bila tabu. Kwa kuwa za EF ni nyingi sokoni, adapta hiyo inaweza kuokoa hela zaidi ya kifaa kingine chochote hapa.

Lenzi ya kuvuta mbali, 55-210, tunaiacha chini. Inafaa mpira na ndege mchana. Ndani ya ukumbi haina mwanga wa kutosha.

Nafasi ya nne: sauti au flashi, kwa kazi yako

Wa video aanze na sauti, maana mtazamaji huvumilia picha yenye chenga kuliko maneno asiyoyasikia. Boya BY-M1, maiki ya kubana kwenye nguo yenye waya wa mita sita, inatosha kwa mahojiano ya kukaa. Ina swichi: upande wa simu na upande wa kamera. Ukiisahau kwenye simu, kamera itarekodi sauti hafifu au ukimya. Upande wa kamera hutumia betri ndogo ya LR44, basi beba ya akiba. Ukihamia maiki zisizo na waya, punguza kiwango cha sauti ndani ya kamera karibu na chini kabisa, kisha ongeza kwenye maiki. Kikuza sauti cha kamera ndogo huleta mvumo. Kagua pia plagi: ya kamera ina mistari miwili myeusi, ya simu mitatu.

Wa picha za sherehe achukue flashi ndogo inayogeuka kichwa, kama Godox TT350. Herufi ya mwisho ni ya chapa ya kamera, na S ni Sony. Ukichukua herufi isiyo yako, mpangilio wa mwanga hautafanya kazi. Weka betri mbili za AA za kuchaji, za NiMH. Elekeza kichwa kwenye dari nyeupe. Chini ya makuti au hema la rangi mwanga haurudi, au unarudi na rangi ya hema usoni mwa bibi harusi. Mwenye R50 aulize kwanza: sehemu ya kupachika flashi kwenye kamera hiyo ni ya aina mpya, na flashi za kawaida zinataka adapta ya AD-E1.

Nafasi ya tano: stendi na filta

Kwenye stendi tazama bamba linalofungwa chini ya kamera. Za bei ya chini huja na bamba la plastiki la umbo lao pekee, na likivunjika stendi imekwisha. Tafuta ya mtindo wa Arca, ambayo bamba lake linauzwa na kampuni nyingi.

Filta ya UV si lazima. Filta ya ND ya kupunguza mwanga ni lazima kwa video ya nje. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde ili taa zisipepese. Kwa mwendo huo, f/2.8 na ISO 100 kwenye jua kali, unahitaji kupunguza mwanga hatua sita, yaani ND64. Nunua filta moja ya milimita 67 na pete za kupandishia kutoka 40.5, 49 au 52, badala ya filta kwa kila lenzi. Filta za ND za kuzungusha, zinazobadilisha kiasi cha giza, zikifika mwisho huchora msalaba mweusi kwenye picha, basi usizipeleke huko.

Begi, mkanda na gimbo vinaweza kusubiri. Gimbo hasa: bila lenzi pana na mazoezi ya kuisawazisha, itakaa ndani.

Ukinunua mtumba, Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi

Nenda na kamera yako, betri iliyojaa na tochi ya simu. Pitisha tochi ndani ya lenzi kwa pembeni, pande zote mbili, ukitafuta nyuzi na ukungu. Ifunge kwenye kamera, lenga karibu kisha mbali mara kumi, sikiliza kama inakwaruza. Piga ukuta mweupe kwa f/16 ukiwa na lenzi unayoijaribu, halafu tena kwa lenzi yako. Doa linalobaki mahali palepale kwenye picha zote mbili liko kwenye sensa yako; muuzaji hana kosa.