Kabla hujalipia vifaranga, wageuze uone kitovu

Julai mwaka jana nilipokea boksi la vifaranga mia moja wa siku moja pale stendi ya Nanenane, Nzuguni. Siku ya tano walikuwa wamebaki sitini na mbili. Nililaumu mkaa wa kuwatia joto, nikalaumu upepo wa Dodoma, nikamlaumu hata binti anayenisaidia kulea, na yeye nilikuja kumwomba radhi. Afisa mifugo alipompasua mmoja aliyekufa, kiini cha yai kilikuwa bado kimo tumboni, kimeharibika na kinanuka. Baada ya kusimulia kisa hiki nimeletewa malalamiko ya aina hiyohiyo kutoka Mkonze, Kibaigwa hadi Manyoni, na karibu wote waliambiwa na muuzaji neno moja: baridi.

Uchangamfu, macho maangavu na manyoya makavu kila mfugaji anayajua, siyarudii. Mimi naangalia kitovu.

Kifaranga anapokaribia kutoka, huvuta kiini cha yai kikaingia tumboni kupitia kitovu, kisha kitovu kinajifunga. Kiini hicho ndicho chakula chake cha siku mbili tatu za mwanzo, na ndiyo maana anaweza kusafirishwa bila kula. Lakini mashine ya kuangulia ikiyumba joto, unyevu ukizidi, au mayai yakiingizwa machafu, kitovu hakifungi vizuri. Bakteria wanapita hapohapo. Wengi hufa ndani ya wiki ya kwanza, na dawa utakazonunua haziokoi wengi.

Mlaze kifaranga chali kwenye kiganja, mpulize manyoya ya tumbo. Kitovu kizuri kimefunga, kikavu, ukipitisha kidole hukwami. Kibaya kina kigaga cheusi kama kifungo cha shati, au uzi unaoning'inia, au kimelowa na tumbo limevimba. Boksi la mia huwa na vyumba vinne vya ishirini na watano. Toa watatu kila chumba, na usichukue wa juu tu. Mimi nikikuta wabaya wawili katika hao kumi na wawili, sichukui boksi.

Sasa mpangilio wangu wa aina za kuku.

Wa kwanza ni Sasso, na sifichi kwamba nampenda. Ni kuku wa asili ya Ufaransa, mtulivu, na kwangu jogoo wake mwekundu hanichelewi kuuzika. Katika maboksi yote niliyogeuza, ya Sasso kutoka kwa wakala wangu ndiyo yenye vitovu safi kuliko mengine. Risiti yake inaonyesha tarehe ya kuanguliwa na chanjo ya mareksi (ugonjwa wa kupooza), ambayo hutolewa siku ya kwanza palepale wanapoangulia. Risiti isiyo na hayo mawili irudishe. Chanjo ya kideri (mdondo) ya siku ya saba na ya ugonjwa wa gumboro ya siku ya kumi na nne ni kazi yako.

Wa pili Kuroiler, aliyetoka India. Anajitafutia chakula vizuri uwanjani, na rangi zake za mchanganyiko zinamfaa mahali penye mwewe. Nimemweka nyuma kwa sababu ya vitovu tu. Boksi moja safi, linalofuata aibu.

Wa tatu ni mitetea ya kienyeji, ya Singida au Ching'wekwe wetu wa miguu mifupi. Ukipata wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, mchukue, joto la Oktoba halimsumbui sana. Anakua polepole, lakini anaatamia mwenyewe, na vifaranga walioanguliwa chini ya mama yao sijawahi kuwaona na kitovu kibovu. Chanjo ya kideri ya tone la jicho kila baada ya miezi mitatu usiikose.

Wale wa bei poa wanaopitishwa na bodaboda wakiitwa Sasso, wengi ni watoto wa Sasso walioanguliwa mtaani. Hawafanani na wazazi wao. Niishie hapo.

Linaloniuma ni wauzaji. Unatumiwa ujumbe: lipa yote kwanza, boksi likishafunguliwa halirudi. Mtu anauza viumbe hai halafu anamkataza mnunuzi kuwatazama! Na bei hupanda wiki ileile mvua inapokaribia, kila mtu anapotaka kuingiza kuku wa kuuza Krismasi. Nauli ya basi juu yako, waliokufa njiani juu yako, halafu vifaranga wawili wa nyongeza unatajiwa kama zawadi.

Siku hizi nalipa nusu. Nusu nyingine naituma nikiwa stendi, nimekaa kwenye benchi, boksi liko wazi, nimeshageuza kumi na wawili. Wauzaji wawili wamenikatalia masharti haya. Wa tatu amekubali, na ndiye huyo wakala wangu wa Sasso.