Mbegu za maboga: benki ya mbegu au zibaki shambani?

Mexico ndo kwenye utajiri wa maboga, ya kulimwa na ya porini, yaani kwenye pango la Guilá Naquitz kule Oaxaca zilikutwa mbegu za boga za karibu miaka 10,000! Sasa kuyatunza kuna njia mbili na watu wanabishana kweli.

Benki ya mbegu: unakausha, unaweka kwenye baridi ya nyuzi -18, zinakaa miaka na miaka, na kila mfuko ukiwa na jipiesi (namba za mahali, GPS) ya pale ilipookotwa basi ramani ya yanakoota unayo hapohapo. Kasheshe ni mbegu zikizeeka, lazima uzipande upya, na nyuki akipita tu kashachanganya aina, kwa hiyo jioni unayafunga maua dume na jike yatakayofunguka kesho, alfajiri unafungua, unapaka chavua kwa mkono, unafunga tena, ua moja moja hivyo hivyo. Kazi si ndogo.

Shambani gharama hiyo haipo. Mkulima wa milpa (shamba la mchanganyiko la kienyeji la Mexico) anapanda boga na mahindi na maharage, anachagua mbegu kila msimu, boga linazidi kuzoea ukame na magonjwa, friji haliwezi hilo. Ila akiacha kulima, imeisha hiyo. Halafu boga pori likiwa jirani linachanganyika na la kulimwa, mbegu zake ukipanda unavuna boga chungu haliliki, ndo maana wengine wanayang'oa ya porini (na ni humo humo porini wazalishaji wa mbegu walipata ukinzani dhidi ya ugonjwa wa ukungu!).

Mi ya kulimwa ningeyaacha shambani. Ya porini yaende benki haraka, mapori yanafyekwa.