TAHADHARI: injini ya "3L" niliyouziwa Ndeeba ni 2L iliyochongwa namba

Jamani wenye pikapu, hasa nyinyi wa Kasese, Bwera na Fort Portal mnaoteremka Kampala kutafuta injini za used, someni hii kabla hamjatoa hela. Habari ya Hilux yangu ilivyokufa siirudii, wengi wenu mliisukuma wenyewe, na ile mambo ya sacco tuiache pia, wife anasoma hapa.

Kwa kifupi tu: silinda za bloku ya zamani zilishapanuliwa hadi saizi ya mwisho, hedi ina ufa, fundi akasema hii hata ukiipa ringi mpya itakunywa oili vilevile, tafuta injini nzima ya Japan. Gari ni ya injini ya 3L, ile dizeli ya Toyota iliyo kubwa kuliko 2L, kwa hiyo natafuta 3L, basi.

Nikaanzia Kisekka, soko la spea pale Kampala, kama kila mtu. Bei nilizoambiwa pale zilikuwa kuanzia milioni sita kwenda juu, na mimi mfukoni sina hizo. Niko nje ya duka moja naongea na simu, nikamaliza, kijana msafi, kalamu sikioni, akanisogelea, "bro, hicho Kiswahili ni cha Kasese hicho, mzee wetu naye ni wa pande hizo, kashusha injini juzijuzi." Sasa nyinyi mnaijua Kampala, kutwa nzima ni ssebo huku ssebo kule, Luganda yangu mimi ni ya kununulia chakula tu, mtu akikusemesha Kiswahili kilichonyooka unaona kama umefika nyumbani. Tukapanda boda, huyo mpaka Ndeeba, tukaingia kichochoro, geti la mabati, ndani stoo.

Muzee mwenyewe ana miwani, mvi, shati limepigwa pasi. Nikamwamkia kwa heshima, akaniita kijana wangu, akaniuliza habari za kahawa huko milimani na kama mto umeshaharibu tena barabara ya Kilembe. Nani Kampala anauliza mambo ya Kilembe? Akaagiza chai. Injini zimepangwa chini juu ya matairi mabovu, kama kumi hivi, yangu iko karibu na ukuta, imeoshwa inameta, bloku imepigwa rangi ya silva. Akachukua kitambaa chenye dizeli, akapangusa pale kwenye namba, akavua miwani akanipa mimi, "soma mwenyewe kijana wangu, usije ukasema muzee alikusomea." Nikainama nikasoma. 3L, halafu tarakimu. Nikasoma kwa sauti kabisa kama mtoto wa shule, na yeye anatikisa kichwa ananisifu. Kila nikikumbuka hicho kitendo cha kunivalisha miwani natamani kuvunja kitu.

Halafu ndio mchezo wenyewe. Kijana akaleta betri, akafunga waya, jerikeni ya dizeli ikaning'inizwa kwenye msumari, mpira wa bomba ukachomekwa kwenye njia ya maji. Stata mara moja tu, ikawaka. Haikukohoa. Mlio mzito, umetulia. Muzee akatoa kikombe chake cha chai, kimejaa, akakiweka juu ya kava ya valvu, akanitazama. Chai inacheza kidogo, haimwagiki. Akafungua kifuniko cha oili, akatandika leso nyeupe pale juu ionekane kama inatema oili, akahesabu kimoyomoyo, akaitoa, ina kidoa kidogo tu. "Ile yako ya nyumbani ingetema kama kobra." Nikacheka. Nilicheka naye jamani! Nikasema piga resi kidogo nisikie, akasema kijana wangu injini haina redieta, ukiipigia resi chini hapa unaiunguza halafu unaniambia nikurudishie hela. Hoja ina akili, sio? Nyinyi mngesema nini?

Wanaouliza mbona sikwenda na fundi: fundi alikuwa na msiba, na ukimchukua fundi umlipe nauli, ale, alale, halafu na yeye apewe chake na muuzaji, hayo tunayajua. Na mimi dizeli nimeiendesha miaka, moshi mweupe naujua, mweusi naujua, wa bluu naujua. Pale hapakuwa na moshi. Shemeji yangu anayenicheka tangu juzi yeye mwenyewe alinunua "simu" iliyokuwa kipande cha sabuni pale Old Taxi Park, anyamaze.

Bei 5,200,000. Milioni nne keshi mkononi, zilizobaki kwa mobail mani, na simu ikaleta jina la mwanamke, muzee akasema ni mkewe ndiye mwenye akaunti. Belti ya taimingi akasema "tumekufungia mpya, bonasi." Nikapewa risiti. Fuso ikaipeleka Kasese.

Fundi akaifunga, gari ikawaka, tukala nyama. Asubuhi yake baridi ya mlimani, stata inalia weee, ikaja kushika na moshi mweupe mtaa mzima, kuku wanakimbia. Tukasema labda hewa kwenye dizeli, labda glo plagi, zile za kupasha silinda asubuhi. Mchana ikatulia. Nikapakia nikapanda Kyarumba, magunia ya kahawa ya watu, na kwenye mlima wa kwanza tu gari inahema, gia ya pili inaomba ya kwanza, ya kwanza inaomba msaada, dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, imeruka nje yenyewe na oili imetapakaa bonneti nzima kwa ndani. Tuliteremsha magunia tukalala njiani. Mwenye kahawa mpaka leo hapokei salamu yangu.

Fundi akamwaga oili. Haikumwagika, ilitambaa. Harufu ile ya oili ya gia, ile kali ya baruti, mafundi mnaijua. Walichanganya oili ya gia kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini, ili ifunge moshi na inyamazishe kugonga, ndio maana chai haikumwagika, ndio maana leso ilitoka safi, na injini walikuwa wameshaipasha kabla sijafika. Akafungua kava ya taimingi: belti ina nyufa, meno yanahesabika. Belti ya 3L inatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, hii sijui imekula ngapi.

Halafu akatoa hedi. Akaingiza venia, kile kipimo cha milimita, kwenye silinda, akanyamaza, akapima ya pili, akapima zote nne. 92. Akaniambia bosi, hii sio 3L. Silinda ya 3L upana wake ni milimita 96, hapo ndipo unapata cc 2,779. 92 ni ya 2L, cc 2,446. Kwa nje ni mtu na pacha wake, na gari inawaka na kutembea, ila mlimani na mzigo ndio unaijua mama yake. Tukakwangua ile rangi ya silva: chini kuna alama za grainda, na hiyo 3 imegongwa upya, imeinama na imezama kuliko wenzake.

Nikampigia muzee. Mara ya kwanza alipokea, sauti ileile ya upole. Nikamwambia silinda ni 92. Anajibu nini? "Kijana wangu, hizo ni used, zimelika kidogo." ZIMELIKA! Silinda ikilika inapanuka, inakuwa kubwa, hakuna silinda duniani iliyolika ikawa ndogo. Anamdanganya mtu mzima na hesabu za darasa la tatu. Nikamwambia hivyo, akakata, na tangu hapo namba haipatikani, na ya yule kijana inasema mteja hayupo. Nimerudi mpaka Ndeeba. Geti lina kufuli, majirani eti walikuwa wapangaji. Polisi wakataka risiti, risiti ni ile ya kitabu cha dukani, imeandikwa "injin 1", hakuna jina la duka, hakuna namba ya injini, sahihi ni kama mdudu.

Kwa hiyo muangalie. Broka akikutoa sokoni kukupeleka uani, shuka kwenye boda. Gusa bloku kabla haijawashwa, ikiwa ya moto ondoka, au sema utarudi kesho alfajiri uikute baridi. Rangi mpya pale kwenye namba, kwangua na kucha au na ufunguo wa gari, asipokuruhusu basi. Waambie wafungue oili chini uione na uinuse. Namba ya injini iandikwe kwenye risiti, na ukumbuke logbook ya gari lako nayo ina namba ya injini. Kuna ingine nilitaka kusema nimesahau kwa hasira, ah, venia, wakikutolea nozo moja tu (ile inayopuliza dizeli) huwezi kuipima silinda, dai hedi ifunguliwe au upime kompresheni kwa geji ya dizeli, hawatakubali, na wasipokubali umeshajua.

Ila mimi ninachotaka zaidi ni huyu muzee. Bayaye, wale wahuni wa Kampala wanaokwapua simu, wanachomwa matairi barabarani, jambo ambalo mimi silitaki kwa mtu, lakini huyu anayekwapua gari zima la mtu na miwani usoni anakunywa chai. Akalale gerezani Luzira. Afungwe na kazi ngumu, apewe hiyo 2L aibebe mgongoni kutoka Kyarumba mpaka Kisinga na oili yake ya gia ndani, kijana naye atembee mbele ameshika kikombe, na kisimwagike. Wanaharibia mpaka wale wa Kisekka wanaouza vitu vya haki, maana sasa nikiona injini imeoshwa natetemeka.

Bloku iko kwa fundi haijaguswa, picha za venia na za ile 3 iliyopinda ninazo. Yeyote aliyenunua kwa muzee wa miwani Ndeeba aniandikie inbox, akwangue rangi kwanza apige picha namba yake kwa karibu, tukiwa wengi tunafungua faili moja na lile jina la mwanamke kwenye mobail mani litatafutwa mpaka lipatikane.