Kanisa Kuu Mkunazini, Unguja: usiondoke kabla hujakiona kiti cha askofu

Mahali nyota 5, kampuni ya utalii iliyotupeleka nyota 2 na jina nawasitiria tu. Walitushusha, tukaingia vyumba vya chini, tukapiga picha kwenye ile sanamu ya watumwa wamefungwa minyororo, alafu "haya twendeni kwenye mashamba ya viungo." Kanisani kwenyewe tulipitishwa mbio mbio. Kesho yake nikarudi mwenyewe nikamwomba mwongoza watalii wa pale pale anizungushe taratibu, na hapo ndo nikapata utamu wake.

Wengi wanajua stori ya soko la watumwa lililofungwa 1873, ujenzi wa kanisa ukaanza mwaka huohuo, na kwamba altare inasemekana ipo pale ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Sawa, hiyo muhimu sana. Ila nyuma ya altare kuna kiti cha askofu, pembeni yake viti vya makanoni (mapadri wa heshima wa kanisa kuu) vina mapambo ya shaba, na watu wanakipita kama kiti cha kusubiria daktari. Jamani bila kiti kile hili lingekuwa kanisa la kawaida tu, askofu ndo anapadrisha, ndo anatoa kipaimara, ndo mchungaji wa dayosisi nzima, padri mkuu wa hapa anaendesha ibada za kila siku wakati baba askofu anazunguka parokia.

Na hicho cheo kimetembea mno. Askofu wa kwanza wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyojenga kanisa hili, Mackenzie, aliwekwa wakfu Cape Town 1861, akaenda huko mto Shire, Malawi ya leo, akafa mwaka uliofuata. Aliyemfuata, Tozer, akaona huko bara mambo magumu, 1864 akahamia Unguja. Watu walimsema sana kwamba kakimbia lakini mi naona bila yeye tusingekuwa na hili jengo. Kisha Steere, huyu ndo fundi mwenyewe, kaandika sarufi ya Kiswahili, katafsiri Agano Jipya, na bado anasimamia ujenzi na lile paa la mawe ya matumbawe na saruji ambalo watu waliapa litaanguka. Halijaanguka mpaka leo. Inasimuliwa aliposafiri mafundi wakasimamisha nguzo juu chini, akarudi akaziacha hivyohivyo, mwambie mwongozaji akuoneshe ziko upande wa mlangoni. Alifariki 1882 na kazikwa nyuma ya altare, yani karibu kabisa na kiti.

Nilipouliza kuhusu Frank Weston (askofu 1908 hadi 1924) mwongozaji akachangamka kweli, tukakaa kwenye benchi. Huyu mzee hakuwa wa kuchezea, 1913 aliwashtaki wenzake maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi kisa walishiriki ibada na madhehebu mengine kule Kikuyu, Kenya, ugomvi ukafika mpaka Uingereza kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Waanglikana. Msimamo wake kwenye hilo mi siukubali, naona alikaza mno. Lakini huyohuyo baada ya vita vya kwanza akaisema serikali ya Waingereza hadharani kwa kuwalazimisha Waafrika kazi, na wakati wa vita yeye mwenyewe aliongoza kikosi cha wapagazi huko bara. Kazikwa Magila, Muheza, sio hapa, wengi wanachanganya.

Kitu kinachoniuma ni muda. Padri wa kwanza Mwafrika wa misheni, Cecil Majaliwa, alipadrishwa hapahapa Unguja 1890, ila kwenye kile kiti akaja kukaa Mwafrika, Yohana Jumaa, mwaka 1968! Karibu miaka 80 bana. Baada yake John Ramadhani, mtoto wa Unguja, ambaye akawa pia Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Tanzania nzima kuanzia 1984. Siku hizo dayosisi ilikuwa Zanzibar na Tanga pamoja, baadaye wakagawana.

Kwa mnaokwenda: vaa kwa heshima, beba keshi ya kiingilio na ya kumshukuru mwongozaji, nenda asubuhi makundi hayajajaa. Ukitaka kuona kanisa likifanya kazi yake njoo Jumapili kwenye ibada ya Kiswahili, kamera acha kwenye begi.