Unga wa blichi ya oksijeni kwenye baraza la matumbawe: wafaa?

Assalaam aleikum watazamaji. Leo niko Mji wa Kale, na baraza hili mwaliona lilivyo: mawe ya matumbawe, lipu ya chokaa, na huku mwisho pamezibwa kwa simiti ya zamani. Haya mekundu ni mate ya tambuu. Huu weusi ni kuvu wa masika. Pale palipokolea ni oili ya pikipiki.

Ninaoujaribu ni huu unga mweupe, blichi ya oksijeni. Someni nyuma ya pakiti, paandikwe sodiamu pakaboneti. Si ile blichi ya maji yenye klorini. Ukiutia katika maji ya vuguvugu hutoa haidrojeni peroksaidi na magadi, na chokaa haidhuriki. Hapo ndipo uliponipendeza, maana matumbawe na chokaa ni kalsiamu kaboneti, na asidi yoyote huila, hata siki na ndimu. Ukimwaga ukaona povu lachemka, usifurahi: linalotoka ni jiwe. Jiwe hili ndilo la Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593. Mvua laivumilia, asidi ya choo hapana.

Sasa, kazi yenyewe. Rowesha jiwe kwanza kwa maji matupu, la sivyo litafyonza uchafu ndani. Paka dawa, funika kwa nailoni, kwa sababu jua letu hili likiikausha haifanyi kitu. Kisha sugua kwa brashi ya makumbi. Brashi ya waya sitaki kuiona. Huacha vipande vya chuma, vikaja kushika kutu papo hapo.

Tazameni. Kuvu ametoka. Tambuu imebaki kivuli, nitarudia mara nyingine kuliko kulazimisha. Oili? Wapi! Hiyo yataka beking soda na sabuni ya vyombo, uji mzito, uupake uachwe ukauke, ndipo ubanduliwe. Kutu nao haukuguswa.

Kasoro yake kubwa: ukishachanganywa nguvu hupotea baada ya saa chache, kwa hivyo changanya kidogo kidogo. Na msiutie kwenye chupa mkafunga kizibo, gesi itaipasua. Vaeni glavu.

Na ule unga mweupe unaotoka chini ya kuta si doa, ni chumvi. Huo ni wa kufagia mkavu. Ukiuosha, maji huizamisha chumvi ndani, ukuta ukikauka yatoka tena.