Semina ya "timu bildingi" ya siku mbili: nyota mbili na nusu, na hiyo nusu si ya mwalimu

Asalam alaykum wenzangu. Watu watatu wa hoteli za huku pwani washaniuliza ile semina ya timu bildingi, ya kufundishwa kufanya kazi pamoja, tuliyopelekwa ilikuwaje, mana na mabosi wao wanaitaka, bas naandika mara moja nisije nikarudia kila mtu kwa voisi. Jina la kampuni silitaji na la hoteli silitaji, nina mtoto skuli na mshahara wa mwisho wa mwezi nautaka.

Mie niko hausikiping, mwaka wa sita huu, pwani ya Jambiani na Paje, Unguja huko. Siku ya kwanza tulikaa ndani, kwenye mgahawa wetu wenyewe, ya pili tukatolewa pwani. Tulikuwa thelathini na kitu, hausikiping, jikoni, wahudumu, bustani, walinzi. Frontofisi walikuja wawili tu, wakakaa meza ya pembeni na simu zao hawakuchanganyika na mtu mpaka tunafunga, na mwalimu wala hakuliona, wakati somo lenyewe lilikuwa limekaa pale linakunywa maji ya chupa.

Mwalimu anaongea, sikatai. Sauti anayo, vichekesho anavyo, na suti kaivaa na joto lile la kaskazi mpaka tukamuonea huruma. Lakini asubuhi nzima ikawa umoja ni nguvu, kidole kimoja hakivunji chawa, sisi hapa ni familia. Hii ya familia ndo inanitoa roho, familia gani inakukata siku ukiumwa bila cheti. Halafu akauliza, na meneja kakaa mstari wa mbele kabisa na daftari lake, "Jamani, kuna tatizo lolote kati yenu hapa kazini?" Tukajibu kwa sauti moja kama watoto wa chuoni: hakunaaa. Meneja kafurahi, mwalimu kafurahi, tukaletewa chai na visheti.

Usiku nikakaa na simu nikasoma (bando langu mwenyewe hilo, hoteli haikunipa) nikakuta kuna Mmarekani Solomon Asch, miaka ya 1950 mwanzoni, aliwakalisha watu chumbani akawaonesha mistari waseme upi unalingana na upi, kitu cha wazi hata mtoto anaona. Kumbe waliokaa mle wote wamepangwa wajibu uongo isipokuwa mmoja. Na yule mmoja anaona kwa macho yake kuwa si kweli lakini anafuata, kiasi watu watatu katika kila wanne walifuata uongo angalau mara moja. Ila akipatikana mwenzake mmoja tu anaejibu kweli bas na yeye anapata nguvu. Sasa hiyo ni mistari tu jamani, haina mshahara wala haina bosi, sembuse sie na lile daftari.

Siku ya pili pwani, kamba. Maji yamekupwa mbali, mchanga umekauka, tukagawiwa pande mbili, hausikiping na bustani huku, jikoni na wahudumu kule, walinzi wakawa marefa. Mwalimu anapiga firimbi anapiga kelele vutaaa. Na hapa naungama, mie sikuvuta. Nimeshika kamba, nimekunja uso, nimekita visigino kwenye mchanga kama mtu anaevuta kweli, lakini wallahi mikono yangu ilikuwa imeishika tu ile kamba kama nimeshika mkono wa mgonjwa. Nikageuza shingo kidogo nimuone shoga yangu wa nyuma, na yeye vile vile, uso umekunjwa mikono imelegea. Tukaangaliana, nikajua anajua. Wakati huo kinamama wa mwani wanarudi na viroba vyao kichwani, mmoja mtu mzima kasimama katutazama weee, akasema, "Wanangu, mnavuta au mnaning'inia?" Tukaachia kamba kwa kicheko, tukashindwa, mwalimu akasema tumeshindwa kwa sababu hatukuwa na umoja.

Si kweli. Umoja tulikuwa nao tele, tulikuwa na umoja wa kutovuta hahaha.

Chakula cha mchana niseme haraka: pilau imepoa, kuku mdogo, kachumbari ilikuwa nzuri. Mwalimu kala na meneja. Ila alikuwa na msaidizi wake, kijana mmoja mpole hivi, siku zote mbili kazi yake kubeba spika na kugawa kalamu, huyo ndo akaja kukaa na sie wa hausikiping kwenye jamvi, akatuuliza, "Dada zangu, nani hakuvuta?" Kimya. Akacheka akasema hata yeye asingevuta. Akatwambia hili jambo lina mtu wake, Mfaransa Max Ringelmann, mhandisi wa mambo ya kilimo, miaka ya 1880 huko aliwavutisha watu kamba akapima, akaja kuchapisha 1913. Ukimchukua mtu peke yake nguvu zake tuseme ni mia, bas wakiwa wawili kila mmoja anatoa kama 93, watatu 85, wakifika wanane ni 49, hata nusu haifiki. Yaani kila unapoongeza mtu kwenye kamba kila mtu anapunguza.

Sehemu moja ya hilo ni kutokwenda pamoja, mmoja anavuta mwenzake anapumua, na hiyo wavuvi wanaijua zamani, ndo mana chombo kikivutwa juu kuna mtu anatoa wimbo wengine wanaitikia. Sehemu iliyobaki ni kutegea. Neno tunalo, hatukuhitaji semina. Na akatuambia 1974 Wamarekani waliirudia, wakamfunga mtu kitambaa cha macho wakamuweka mbele, wakamwambia nyuma yako kuna wenzako wanavuta, na nyuma hakuna anaevuta hata mmoja. Yule mtu peke yake pale na bado akapunguza, kwa kufikiri tu kuwa wenzake wapo!

Hapo nikamkumbuka mama yangu. Mama analima mwani, kilimo hiki huku kwetu kimeanza 1989, na kinamama wanashuka pwani pamoja, wanaimba pamoja, wanasutana pamoja, lakini kila mtu ana vigingi vyake na kamba zake na taitai zake, vile vikamba vidogo vya kufungia mwani. Ukitegea bwana, mwani wako ndo utakaokuwa mdogo na kila anaepita anauona. Na mwenzio akiumwa unamfungia zake, mana unajua na yeye atakufungia. Hakuna meneja pale na hakuna anaening'inia. Nikamwambia yule kijana, akatoa kalamu akaandika mkononi, akasema ndivyo walivyokuja kuona na wale wataalamu, mtu akijua chake kitaonekana kuwa ni chake hategei. Mwalimu mwenye suti hakusema hata moja katika haya, na kamba kaileta yeye!

Sasa nije kwenye kilichonikera hasa, hapa mnivumilie.

Pale kwetu kila mtu anapangiwa vyumba kumi. Na kuna sheria, haikuandikwa popote, ukija mgeni hutaambiwa ila utaijua: hakuna kumaliza kabla ya saa nane. Asubuhi tunakimbia, saa sita vyumba vyako tisa vishakwisha, cha kumi unakaa nacho, unakunja bata la taulo, unalikunjua, unalikunja tena, unapanga asumini kitandani moja moja. Supavaiza anapita anaona mtu yuko kazini. Msituone wavivu, mana kabla vyumba vilikuwa vinane, msimu mmoja tukajitia mori tukawa tunamaliza saa sita na nusu, tukajiona mashujaa, mwezi uliofuata vikawa kumi na mshahara ule ule. Tokea siku hiyo saa nane ndo saa nane.

Mwaka jana akaja mtoto wa Pemba, msichana mdogo, mwepesi masha'Allah, kitanda anakitandika shuka halina hata mkunjo. Saa sita na robo kamaliza vyote kumi, akaenda kwa supavaiza mbele yetu, "Bi mkubwa, niwasaidie wapi?" Stoo ya mashuka ikawa kimya kama kaingia jini. Hatukumtukana. Tulimwitikia salamu nusu. Tukampa jina Roketi. Ikawa akija kuchukua foronya zimekwisha, mataulo madogo yamekwisha, ndoo yake haionekani. Mataulo nilikuwa naficha mie, nyuma ya kabati la pasi, nasema wazi sitaki uongo hapa. Wiki ya tatu akawa anamaliza saa nane na dakika tano kama sie, na supavaiza akaandika kwenye fomu yake kuwa mtoto kaanza vizuri lakini kasi imeshuka, hajitumi. Hajitumi! Na sie tukasoma tukanyamaza.

Nikamhadithia yule kijana, sijui kwanini, labda kwa sababu hakuwa na daftari. Hakushangaa. Akasema karibu na Chicago kulikuwa na kiwanda cha vifaa vya simu, Hawthorne kinaitwa, watafiti waliwaweka mafundi 14 chumba kimoja, tokea Novemba 1931 mpaka Mei 1932, mtu kakaa pembeni anawatazama tu. Malipo yao yalitegemea kundi zima limetoa kiasi gani, wakubwa wakidhani hivo wepesi watawasukuma wazito. Ikawa kinyume, kama sevisi chaji yetu, tunagawana wote na bado tunategea. Mafundi wale walikuwa na kiwango chao wenyewe cha siku, asubuhi wanakaza jioni wanalegeza, anaezidisha ana jina lake baya, anaepunguza sana ana lake, mbeya anaepeleka maneno kwa wakubwa ndo usiseme. Na anaejitia haraka anapigwa ngumi ya mkono, hapa juu begani. Wakiulizwa kwanini wanasema tukizidisha watatupandishia kiwango. Tulicheka mpaka mmoja kapaliwa na soda. Karibu miaka mia, wazungu wanaume na waya zao, ni sie watupu! Wao ngumi, sie mataulo.

Bas semina nzima haikufika hapo. Mwalimu kafundisha hatua tano za ushirikiano kwenye skrini, sijaikumbuka hata moja.

Nusu nyota nayoitoa ni ya dakika ishirini za mwisho. Mwalimu kaenda kupiga picha na meneja, yule kijana akatuchukua hausikiping na laundri peke yetu, chini ya mvinje, akatupa vikaratasi, msiandike majina, andika kitu kimoja unakijua na wenzio wanakijua na hakuna anaesema. Akavikusanya kwenye kofia akavisoma. Vitatu, na miandiko tofauti, vilisema pasi kubwa ya laundri inapiga shoti. Mwezi wa pili huo inapiga shoti, tunaishika na kitambaa kikavu, tunaambiana "jihadhari na bibi", ndo jina tulilompa, na hakuna alieripoti, kwa sababu mwenzetu alieripoti kioo kimevunjika katika chumba alikatwa yeye pesa ya kioo. Akatwambia kuna profesa Amy Edmondson, alikwenda mahospitalini kutafuta timu nzuri zinakosea dawa mara ngapi, akakuta timu nzuri ndo zenye makosa mengi kwenye karatasi. Akashangaa. Kumbe si kuwa wanakosea zaidi, wale wanasema tu, wengine wanaficha. Kofia yote akaenda kumwagia meneja mezani bila ya jina la mtu. Jumaanne fundi kaja, bibi kafungwa waya mpya.

Kwa hiyo wanaouliza. Bosi wako akitaka kuwaleta, mwambie amuombe msaidizi, kamba ibaki. Meneja asikae ndani mnapoulizwa matatizo, aende kunywa chai. Mkapangwe idara kwa idara angalau saa moja. Cheti changu jina wamelikosea na la mwenzangu pia. Kofia nendeni nazo, kivuli hakuna. Fulana saizi moja tu, kubwa, mie nalalia.

Yule mtoto wa Pemba tulirudi nae daladala moja siku ile, kakaa na fulana yake mapajani. Nikamwambia mambo ya mataulo, moyo unanidunda. Akatazama dirishani, akasema, "Dada, mie nilikuona siku ile ile." Bado anamaliza saa nane.